Shajara ya kutafuta baiskeli ya Moshi hadi Tanga

Jumapili, 12 Januari 2025

Asubuhi hii nimeshindwa kufunga vifungo vya shati. Kidole cha mwisho na cha pete, mikono yote miwili, vimekufa ganzi tangu jana jioni. Jana niliendesha kutoka Moshi hadi Same, kama kilomita 105, nikarudi kwa basi huku baiskeli ikiwa kwenye buti. Miguu haina neno, mapafu hayana neno. Mikono ndiyo iliyonirudisha.

Nafungua shajara hii kwa sababu nimeshaamua: baiskeli hii haifiki Tanga. Nia yangu ni kuondoka Moshi Jumamosi ya tarehe 5 Julai, nilale Mombo, nifike Tanga Jumapili, halafu nipumzike kwa dada siku ya Saba Saba. Jumla ni kama kilomita 350, siku ya kwanza ikimeza zaidi ya 200. Barabara karibu yote inakwenda sambamba na reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi 1911. Baba alifanya kazi kwenye reli hiyo, kituo cha Korogwe, na tangu utotoni nimetamani kuipita njia yake yote kwa nguvu zangu mwenyewe.

Niliyonayo ni baiskeli ya mashindano ya alumini, mtumba, niliinunua 2019. Fremu ya 56, matairi ya milimita 23, gia za mbele meno 53 na 39, za nyuma 12 hadi 25. Niliichagua kwa rangi na kwa wepesi. Akiba yangu sasa ni shilingi 1,500,000, na hii ya zamani nitaiuza.

Jumapili, 19 Januari

Leo nimepima. Ninaandika hapa namna nilivyopima, maana nilihangaika sana kabla ya kuelewa kwamba namba ya fremu, ile 54 au 56, haisemi mengi. Kila kiwanda kina kipimo chake. Vinavyosema kweli ni vipimo viwili: kimo cha fremu na mfiko wake.

Unaegemeza gurudumu la nyuma ukutani, sakafu ikiwa sawa. Unapima kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pedeli, kisha kutoka ukutani hadi katikati ya ncha ya juu ya bomba la mbele, pale usukani unapoingia. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mfiko. Halafu unapima sehemu hizo hizo mbili kutoka sakafuni kwenda juu. Tofauti yake ndiyo kimo. Utepe wa fundi seremala unatosha, na mtu wa kukushikia baiskeli isiyumbe.

Yangu: kimo sentimita 55, mfiko 39.7, na shingo ya usukani yenyewe ina urefu wa 12. Maana yake nimelala mbele kama mtu anayefukuza mshindi kwenye mita mia tano za mwisho, ila mimi nimelala hivyo kwa saa nne. Uzito wa kifua unashuka kwenye viganja, na upande wa nje wa kiganja ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole vile viwili.

Nilipima na mguu pia. Kitabu kati ya mapaja, mgongo ukutani, kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu: sentimita 83. Kanuni inayohusishwa na Greg LeMond, mshindani wa baiskeli wa Marekani, ni kuzidisha kwa 0.883, napata 73.3 kutoka katikati ya kranki hadi juu ya siti. Siti yangu ilikuwa 75. Nimeishusha leo leo.

Jumatatu, 20 Januari

Mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani ameniazima baiskeli yake kwa saa moja. Kimo 57, mfiko 37.5. Sentimita mbili juu, mbili nyuma. Nilikwenda Himo na kurudi. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba safari nzima sikuwahi kukunjua vidole wala kutikisa mikono. Sasa nina namba za kutafuta: kimo 56.5 hadi 58, mfiko 37 hadi 38. Nje ya hapo siangalii, hata kama inauzwa kwa bei ya bure.

Jumamosi, 1 Februari

Nimevunja ahadi ya tarehe 20 ndani ya wiki mbili. Niliitwa Arusha kuangalia baiskeli ya kaboni.

Ilikuwa nzuri. Sitaficha hilo. Kilo 7.8, gia 11 nyuma, unainyanyua kwa vidole viwili. Mwaka huu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yanakuja Kigali mwezi Septemba, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na kila kijana mwenye baiskeli anazungumzia kaboni na gramu. Mimi pia nimefurahi mashindano hayo yanakuja kwetu, na furaha hiyo ndiyo iliyonipandisha gari kwenda Arusha.

Kimo chake 54.5. Nilijiambia nitaongeza pete chini ya shingo ya usukani ili uinuke. Muuzaji alisema haijawahi kuanguka. Nikatoa sarafu ya shilingi mia mbili nikaanza kuigonga fremu taratibu, sentimita kwa sentimita. Kaboni nzima inalia mlio mkavu, wa juu. Nilipofika chini kidogo ya pale bomba la siti linapobanwa, mlio ukawa mzito, kama unagonga kadibodi iliyolowa. Nikasugua uchafu kwa kitambaa. Mstari mwembamba kama unywele, robo ya mzunguko wa bomba. Muuzaji akasema ni mkwaruzo wa rangi. Nikamshukuru nikaondoka.

Kwenye basi la kurudi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kwenda. Mimi nina kilo 74. Maji, nguo, zana na chakula ni kilo 5. Baiskeli ya kilo 7.8 inafanya jumla 86.8, ya kilo 10.5 inafanya 89.5. Tofauti ni asilimia 3, na unaisikia kwenye mlima tu. Njia yangu inaanzia karibu mita 800 juu ya bahari na inaishia baharini. Adui wa njia hii ni upepo. Julai kusi inavuma kutoka kusini mashariki, na barabara kutoka Himo hadi Same na kuendelea inaelekea huko huko. Ukienda kilomita 25 kwa saa na upepo wa 15 umekukabili, kifua chako kinakutana na hewa ya 40. Nguvu ya hewa inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo msukumo unaopambana nao unazidi mara mbili na nusu. Kilo 2.7 hazina la kusema hapo. Na hata wanaoshindana wenyewe wana sheria: baiskeli isipungue kilo 6.8.

Jumamosi, 15 Februari

Nimepitisha adhuhuri nzima kwa fundi. Mzee huyu ana miaka zaidi ya thelathini chini ya mti ule ule karibu na soko, na ameshika kila kitu kuanzia Phoenix za kubebea mikungu ya ndizi hadi baiskeli za watalii.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo umekuja bila baiskeli, una mgonjwa gani?"

Nikamwambia natafuta baiskeli ya kwenda Tanga. Hakuniuliza aina. Aliniuliza, "Ikikuharibikia Hedaru, nani ataitengeneza?" Kisha akanionyesha kimoja kimoja, na ninaandika yote kwa sababu sijayaona yameandikwa popote kwa lugha yetu.

Ekseli ya kranki iwe ya kufungwa kwa nyuzi za skrubu. Siku hizi fremu nyingi beringi zake zinagongwa tu ndani ya fremu bila nyuzi. Vumbi likiingia zinaanza kulia, na kuzitoa kunahitaji zana ambayo kati ya Moshi na Tanga huipati. Zenye nyuzi fundi yeyote mwenye ufunguo wake anazifungua.

Spoki ziwe 32 kila gurudumu, zilizosukwa kwa kupishana kawaida. Ringi ya spoki 20 ikikatika moja inapinda papo hapo na tairi inagusa fremu. Ya spoki 32 ikikatika moja unalegeza breki na kuendelea hadi mjini.

Gia tisa nyuma ni bora kuliko kumi na moja, kwa huku kwetu. Cheni ni nene kidogo, inavumilia marekebisho yasiyo kamili, na vipuri vyake huja na mitumba.

Valvu. Hizi baiskeli za mwendo zina valvu nyembamba, na pampu ya kwa mtu wa pancha ni ya valvu ya gari. Kuna adapta ya shaba ndogo kama ncha ya kalamu, unaifunga juu ya valvu. Akanipa mbili, akakataa pesa.

Halafu akanionyesha jambo ambalo sikulijua kabisa: waya wa breki. Waya wa breki unaouzwa madukani mwetu una kichwa kama pipa dogo. Mkono wa breki wa usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo unataka kichwa kama pea. Haviingiliani. Ukikatikiwa njiani na huna wako, umekwama. "Nunua mbili, mwalimu, uzifunge chini ya siti."

Kuhusu matairi tulibishana. Mimi nilikuwa naamini tairi jembamba lililojazwa hadi pauni 110 ndilo lenye mbio. Akaniuliza mikono inakufa ganzi kwenye lami ipi. Ni kweli: pale lami ilipokwaruzika, na kwenye matuta madogo yale ya mfululizo kabla ya kila kijiji. Tairi gumu likigonga kokoto linakurusha juu, na nguvu uliyokanyaga inaishia kutikisa nyama zako badala ya kukusogeza. Tairi la milimita 32 kwa uzito wangu linajazwa pauni 60 hivi, linaimeza ile kokoto na kusonga. Halafu kuna basi. Kila anayeendesha njia hii anajua: basi likija nyuma na lori likija mbele, wewe ndiye unayetoka. Ukingo wa lami mahali pengine umeshuka kama ngazi, chini yake changarawe. Tairi la 23 pale ni kuanguka.

Kwa hiyo sharti jipya: nafasi ya tairi la 32 mbele na nyuma. Kipimo cha mzee ni ufunguo wa Allen wa milimita 4. Upite kati ya tairi na fremu kila upande bila kugusa.

Jumapili, 9 Machi

Hii ya leo inauma.

Baiskeli ya utalii ya chuma, imetoka kwenye kontena la mitumba Dar na mtu akaileta Moshi. Chuma cha bomba jembamba, viungo vimeunganishwa kwa shaba kwa ustadi ambao mzee fundi alipouona aliupitisha kidole mara tatu bila kusema kitu. Spoki 36. Ekseli ya nyuzi. Nafasi ya tairi la 35 pamoja na matagadi. Matundu ya kariya mbele na nyuma, vishikizo vitatu vya chupa za maji. Shilingi 700,000. Na fremu ya chuma ikivunjika, hata Mkomazi atapatikana mtu wa gesi wa kuiunga.

Nikapima. Kimo 61, mfiko 39.2.

Nilipima tena nikitumaini nimekosea. Nikashusha siti, nikaweza kupanda. Mzee akaniambia shingo fupi ya usukani itapunguza sentimita nne. Ni kweli, lakini ukiweka shingo fupi mno kwenye fremu kubwa usukani unakuwa mwepesi kupinduka, na uzito wako unabaki nyuma. Tena bomba la juu lilikuwa linanigusa nikisimama kwenye taa. Nilizunguka nayo uwanja wa shule dakika arobaini. Dakika ya thelathini kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikaanza kuwasha.

Nimeirudisha. Kijana mrefu wa pale sokoni ameichukua jioni hii, na inamkaa kama alishonewa.

Aprili

Masika. Mvua haikatiki na akiba haiongezeki. Niliuliza duka moja Nairobi kuhusu baiskeli mpya ya alumini yenye breki za mafuta; bei ilikuwa karibu mara mbili ya nilichonacho, bado usafiri. Breki za mafuta ni tamu sana, unagusa kwa kidole kimoja. Lakini hewa ikiingia kwenye bomba lake nitaitolea wapi? Nimeziacha bila majonzi.

Nimesoma sana kuhusu wale waendeshaji wa safari ndefu wa Ulaya wanaopimwa kwa muda badala ya ushindi. Kilomita 200 wanapewa saa 13 na nusu, 300 saa 20, 600 saa 40. Paris–Brest–Paris, ambayo ilianza kama mashindano mwaka 1891, ni kilomita kama 1,200 na kikomo chao cha juu ni saa 90. Kilichonivutia ni picha za baiskeli zao: matagadi, taa, mifuko, usukani ulioinuliwa, matairi mapana. Hawa watu wanaendesha usiku na mchana siku nne na kwenye picha nilizoziona hakuna aliyeinamia usukani. Saa 13 na nusu kwa kilomita 200 ni mwendo wa chini ya 15 kwa saa ukijumlisha kula na kupumzika. Mombo inawezekana.

Jumatatu, 12 Mei

Imepatikana.

Mtafiti mmoja Arusha anamaliza mkataba na kurudi kwao. Alumini, foku ya kaboni, mfumo wa gia wa Shimano Sora wenye gia tisa nyuma, mbele meno 50 na 34, nyuma 11 hadi 32. Breki za diski za kuvutwa kwa waya. Spoki 32. Nilikwenda na utepe, sarafu na ufunguo wa milimita 4, na safari hii nilianza na utepe kabla ya kuitazama rangi. Kimo 57.1. Mfiko 37.6.

Nikaigonga foku yote kwa sarafu: mlio mmoja, mkavu, kutoka juu hadi chini. Nikainamisha macho kwenye ekseli ya kranki: nyuzi. Nikazungusha magurudumu, nikasikiliza beringi, nikashika kranki na kuitikisa kushoto na kulia. Cheni imechoka, nilikwisha iweka kwenye hesabu. Tairi zilizokuwepo ni za 28. Ufunguo ulipita na nafasi kubwa ikabaki, ya 32 itaingia.

Alitaka 1,300,000. Tulikubaliana 1,150,000 akaniongezea pampu ya mkono. Kilo 10.4 kwenye mizani ya duka la nafaka.

Kuhusu gia, nataka kuandika hesabu yake kwa sababu ndiyo iliyonirahisishia kupanda milima. Kwenye ile ya zamani gia yangu nyepesi kuliko zote ilikuwa 39 kwa 25, yaani kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 3.3. Kupanda kutoka Himo kwenda Marangu nilikuwa nasimama juu ya pedeli na kuzikanyaga kama ngazi. Hii mpya ni 34 kwa 32: mita 2.3. Jumapili nilipanda Marangu nimekaa, nikipumua kwa pua.

Jumatano, 28 Mei

Kazi za mzee kwa wiki mbili: cheni mpya, matairi ya 32, waya mpya za breki na gia, mbili za akiba zenye kichwa cha pea. Amekaza spoki zote kwa kusikiliza mlio wake, akizipigapiga kama mtu anayepanga nyuzi za gitaa. Spoki tatu za akiba amezifunga kwa utepe kwenye bomba la chini, mbili za urefu wa upande wa kaseti, lile rundo la gia za nyuma. Tena ameniagizia kile kipande kidogo kinachoshika mkono wa gia nyuma. Kila fremu ina chake, kimeundwa kiwe laini ili kipinde badala ya fremu, na kikivunjika hakuna cha mwingine kitakachoingia. Kimefika kutoka Dar kwa basi.

Jumapili, 15 Juni

Jana: Moshi, Himo, Mwanga, Same, na kurudi Moshi. Kilomita 211. Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikarudi saa kumi na mbili kasorobo jioni. Saa 12 na robo, chakula na mapumziko yote ndani.

Kusi ilinikuta Kisangara. Kutoka hapo hadi Same nilishika usukani chini, viwiko vimekunjwa, kwa mara ya kwanza maishani kwa muda mrefu hivyo. Hili nilikuwa sijalielewa: usukani ulioinuka hauninyimi kulala mbele. Ile ya zamani nilikuwa sishiki chini kabisa, kwa sababu juu penyewe palikuwa mbali mno. Sasa juu ni pa kupumzikia na chini ni pa upepo, na pote mkono unafika. Mwendo ulishuka hadi 19, nikaukubali, nikaendelea kuzungusha.

Lembeni basi lilinisukuma nje ya lami. Nilishuka ukingo ule kwenye changarawe, tairi likateleza kidogo, likashika, nikarudi barabarani. Moyo ulidunda hadi Same. Nitaweka kioo kidogo kwenye ncha ya usukani upande wa kulia.

Pancha moja, karibu na Same. Niligeuza tairi ndani nje nikapitisha kitambaa, kikanasa: sio mwiba wa mgunga kama nilivyodhani, ni uzi wa chuma, mwembamba kama nywele, wa yale mapande ya matairi ya malori yaliyopasuka kando ya njia. Nikautoa kwa koleo ndogo. Bila kuutafuta ungetoboa tyubu ya pili pia. Adapta ya mzee ilifanya kazi kwa mtu wa pancha bila tatizo.

Chupa mbili za maji hazitoshi. Kati ya Same na Mkomazi jua lile litataka lita tatu, kwa hiyo ya tatu itafungwa chini ya fremu kwa kamba za mpira.

Makalio yanauma. Siti niliyoikuta nayo ni pana na laini mno. Saa nane za kwanza ni raha, baada ya hapo sponji limelala na unasuguana na ngozi. Nitaifunga siti ya ile ya zamani, nyembamba na ngumu, na nitaijaribu Jumamosi ijayo kwa kwenda Mwanga mara mbili.

Vidole vilikuwa vyangu safari nzima. Leo asubuhi nimevaa shati lile lile la mikono mirefu, lenye vifungo saba.

Zimebaki siku 20. Dada amenipigia kuuliza nitakula nini nikifika Tanga, nikamwambia samaki wa kupaka na wali wa nazi, na aniwekee maji ya moto ya kuoga. Mzee ametaka nimletee baiskeli tarehe 3 jioni akaze kila nati kwa mkono wake.